Joto Lote kwa Ardis

Tangu Oktoba, Corinne na baba mkwe wake, Wendell Haugstad, walikuwa wanapigania tundu la hewa lisilozidi ukubwa wa kitabu. Tundu lenyewe lilikuwa sakafuni katika chumba cha juu alicholala Corinne, chini ya dirisha, na kazi yake ilikuwa kupitisha hewa ya moto kutoka tanuru lililokaa chini ya nyumba. Wendell alilifunga. Corinne akalifungua. Wendell akalifunga tena na kulikaza kwa skrubu nne. Corinne akaazima bisibisi kwa jirani. Ijumaa moja ya Januari mwaka 1989, siku ambayo nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri na magari ya mtaa mzima yamegoma kuwaka, mzee alipanda ngazi na kipande cha bati na nyundo, akalifunika tundu lote na kulipigilia misumari kumi na miwili.

"Haya, fungua sasa," alisema akiinuka kwa magoti yaliyolia. "Tumia meno."

"Mzee, maji yangu ya kunywa yameganda. Ndani ya glasi! Kando ya kitanda!"

"Vaa soksi."

"Nimevaa tatu."

"Vaa ya nne. Sisi tumekulia jiko moja la kuni, watoto saba, shambani kule, na hakuna aliyekufa."

"Dale ameniambia wawili walikufa."

"Kwa surua," alisema Wendell. "Surua si baridi."

Hawa wawili hawakupikika chungu kimoja hata siku ya arusi, na sasa walikuwa wamefungiwa nyumba moja kwa msimu mzima wa theluji. Dale, mtoto wa mzee na mume wa Corinne, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Wiki tatu barabarani, siku nne nyumbani, na siku hizo nne alizitumia kulala. Nyumba waliyokuwa wamepanga iliuzwa, wakahamia kwa wazee "kwa muda mfupi tu", maneno ambayo katika mji ule wa machimbo ya chuma yanaweza kumaanisha miaka tisa. Corinne hakumsamehe Dale kwa hilo, lakini Dale hakuwepo, kwa hiyo hasira zote zilimwangukia aliyekuwepo.

Aliyekuwepo alijua kuchokoza. Wendell alikuwa fundi bati kwa miaka thelathini na minne. Nusu ya nyumba za mji zilipata joto kwa mabomba aliyoyakata na kuyakunja yeye, na ya nyumba yake aliyafunga mwaka 1957, peke yake, kabla hajaoa. Kidhibiti cha joto, kile kidude cha sebuleni kinachoamua tanuru liwake lini, alikuwa amekifungia ndani ya kijisanduku cha plastiki chenye kufuli. Kilisimama kwenye nyuzi sitini na mbili za Farenhaiti mchana na hamsini na nane usiku, yaani baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi mmoja na msalaba wa kipaimara.

Chumba kimoja tu kilikuwa na joto la kibinadamu, nacho kilikuwa cha mkewe.

Ardis Haugstad alikuwa na miaka sitini na nane. Alipiga kinanda kanisani miaka thelathini, nyimbo karibu mia tatu kwa kichwa, bila kitabu. Halafu majira ya baridi ya mwaka juzi akaanza kusahau. Alianza na majina, akafuatia na njia ya kutoka dukani, na msimu huu hata hajui viatu ni vya mguuni. Kiangazi kilichopita alipata nafuu kidogo, kila mtu akashukuru, theluji ilipoanguka akarudi pale pale na zaidi. Daktari mmoja wa mjini alisema ni uzee wa ubongo, na kwamba ugonjwa huo una siku njema na siku mbaya. Jumatatu iliyopita fomu ilijazwa mezani jikoni: Alhamisi ijayo, saa nane mchana, Ardis angepelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, maili kumi na moja kutoka pale. Palipotakiwa sahihi ya mwenyewe, mtu aliandika kwa mashine kwamba hana uwezo. Wendell alikaa na kalamu saa nzima, kahawa yake ikapoa, ndipo akaweka sahihi. Corinne aliweka yake ya ushahidi kwa dakika moja.

Niseme ukweli wa Corinne, maana yeye mwenyewe alikuwa anauzunguka. Alimhurumia Ardis, ndiyo. Lakini alipokuwa anaandika jina lake, kilichokuwa kichwani mwake ni kile chumba cha Ardis chenye joto, ambacho kuanzia Alhamisi kingekuwa hakina mtu.

"Twende chini," Wendell alimwambia ile Ijumaa ya misumari. "Nataka uone unachokiharibu. Labda ukiona utaelewa, ingawa sina matumaini makubwa."

Walishuka. Tanuru lilisimama katikati ya chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, sanduku kubwa la bati la kijani, na juu yake mabomba mapana yakitawanyika darini kwenda kila upande wa nyumba. Wendell akalipiga kofi la upendo, kofi ambalo Corinne hakuwahi kuona akimpiga mwanadamu.

"Hiki ni nini?"

"Tanuru."

"Hongera. Sasa sikiliza. Nyumba ikipoa, kidude cha sebuleni kinaliita tanuru. Gesi inafunguka, moto unawaka humu, ndani ya sanduku la chuma. Moshi wake unapanda kwenye dohani na kwenda zake nje. Sanduku likishapata moto sawasawa, feni hii inaamka. Inavuta hewa baridi ya nyumba kupitia lile tundu kubwa la ukumbini, inaipitisha kwenye chujio iache vumbi na manyoya, inaisukuma ipite ubavuni mwa sanduku. Kwa nje, umesikia? Kwa nje. Inapata joto, inapanda mabomba, inaingia vyumbani. Ikipoa inavutwa tena. Hewa ni ile ile, inazunguka."

"Na moshi?"

"Moshi haujui kama hewa ipo, na hewa haijui kama moshi upo. Ukuta wa chuma uko katikati. Hawakutani."

"Sawa. Sasa tundu langu linaharibu nini?"

"Hewa inayosukumwa ni kiasi kimoja. Matundu ya nyumba hii ni kumi na moja. Nimefunga tisa. Limebaki la jikoni, mabomba yasigande, na la chumba cha Ardis. Joto lote kwa Ardis. Mimi mwenyewe nalala kwenye kiti sebuleni na koti langu, umeniona. Wewe ukifungua lako juu kule, unamwibia mgonjwa. Ndiyo, usinitolee macho. Unamwibia."

Watu wengi wa kule wanafanya hivyo. Watoto wakishahama, vyumba vyao vinafungwa matundu na milango inazibwa chini kwa taulo, na mwenye nyumba analala akijiona mwerevu. Hoja ilikuwa nzuri, jambo lililomuudhi Corinne kuliko baridi. Akainama kwenye kidirisha kidogo cha tanuru. Ndani, miali ya gesi ilikuwa imejipanga, ya buluu, imesimama wima.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," Wendell alisema. "Feni ikianza, isitikisike hata kidogo. Mwali ukicheza feni ikivuma, tanuru hilo ni maiti, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua." Akakifunga kidirisha kabla feni haijaanza, maana alikuwa ameshamaliza hotuba yake.

"Na huu waya mwekundu?"

"Usiguse. Kulikuwa na swichi ya kipuuzi inazima moto kila baada ya dakika tano. Nimeitengeneza."

Jumamosi asubuhi Wendell alikwenda mkahawani kwa wastaafu wenzake, kama alivyokwenda kila siku isipokuwa Jumapili. Corinne akachukua fulana aliyokuwa anaifuma akaenda kukaa na Ardis. Alijiambia anamtunza mama mkwe. Alikwenda kuota joto.

Ardis alikuwa kitandani, nguo ya kulalia imevaliwa kinyume, mashavu mekundu ya afya. Kila mtu aliyasifu mashavu yale.

"Wewe ndiye wa sensa?" aliuliza.

"Ni Corinne, mama. Wa Dale."

"Dale yuko shule." Akamtazama kwa shaka. Chini ya sakafu tanuru likaguna, kisha feni ikavuma, na hewa ya moto ikapanda kwenye miguu ya Corinne. Alifumba macho kwa raha. "Hilo," alisema Ardis akionyesha sakafu. "Likivuma, kichwa changu kinavuma nalo. Nimemwambia."

"Sawa, mama."

Ilikuwa ile sawa tunayowapa watu ambao tumeshaacha kuwasikiliza.

Corinne alisinzia. Alipoamka, kichwa kilikuwa kinampasuka kama mtu aliyekesha na chupa. Aliwahi chooni akatapika. Alikaa kwenye ngazi za nje, kwenye baridi ile ya kuua, akivuta pumzi, na baada ya robo saa kichwa kikaanza kumwachia. Akadhani ni mayai aliyokula asubuhi.

Jumapili wakaenda kanisani wote watatu. Ibada, kisha kahawa na vitafunio kwenye ukumbi wa chini, kisha mkutano mrefu wa kujadili paa. Corinne alikuwa anaosha vikombe aliposikia kinanda. Ardis alikuwa amekaa kwenye kile kibovu cha ukumbini, anapiga wimbo wa mavuno beti zote nne, na alipomaliza akageuka akamwambia mchungaji kwamba kitufe cha tatu kutoka kushoto kinashikana, na kilikuwa kinashikana tangu ubatizo wa Dale.

"Siku njema," watu walinong'onezana, wakifuta macho. "Leo ana siku njema."

Saa kumi na moja jioni, nyumbani, katika chumba chake chenye joto, Ardis aliuliza kinanda ni kitu gani.

Corinne hakuwa mjinga. Alikuwa mwenye hasira tu, na hasira inamchelewesha mtu. Alilala akihesabu: kiangazi nafuu, baridi ugonjwa, kanisani nafuu, nyumbani ugonjwa, mimi chumbani mwake kwa muda wa saa mbili, natapika. Hakupata usingizi mpaka alfajiri, na safari hii hakulaumu baridi.

Jumatatu alisubiri gari la Wendell lipotee kwenye kona. Kufuli la kidhibiti hakuwa na ufunguo wake, lakini alikuwa na njegere za kugandishwa. Alichukua mfuko mzima kutoka kwenye friza akaushikilia kwenye kijisanduku cha plastiki mpaka kidude cha ndani kikadhani nyumba imepoa. Tanuru likaguna chini. Akashuka mbio, akafungua kidirisha, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Miali ilikuwa ya buluu, wima, kila mmoja mahali pake. Dakika moja ikapita, ya pili. Corinne akaanza kujiona mpuuzi. Kisha feni ikaamka.

Miali yote ikalala upande mmoja. Ikageuka ya njano, ikarukaruka, na mmoja ukatoa ulimi nje ya mdomo wa tanuru na kulamba bati, mahali palipokuwa pameshaungua na kuwa peusi kwa kulambwa huko nyuma.

Hakupoteza muda. Alipanda akafungua madirisha yote yasiyogandiana na barafu, akamvika Ardis makoti mawili, akamkalisha ndani ya gari lake uani na hita imewashwa, kisha akampigia simu Prebich, fundi wa matanuru ambaye Wendell alikuwa hamsalimii tangu mwaka 1968.

Wendell aliporudi alikuta mapazia ya nyumba yake yanapepea nje, kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, na gari la Prebich mlangoni. Alishuka ngazi za chini akitukana kabla hajaona mtu.

"Mwanamke huyu amerukwa na akili! Unapasha joto mkoa mzima? Na wewe, Prebich, toka. Toka kwenye nyumba yangu. Wewe ni wa kukunja bati? Wewe ni wa kukunja leso!"

"Habari za siku nyingi, Wendell," alisema Prebich. Alikuwa mnene, mpole, na hakuacha kazi yake. Alikuwa anafunga kufuli kwenye bomba la gesi.

"Nini hicho unafanya?"

"Nafunga. Ni sheria, unaijua." Akabandika kwenye ubavu wa tanuru karatasi nyekundu ambayo kila mwenye nyumba wa kule anaiogopa kuliko polisi. Ikishabandikwa, tanuru haliwashwi tena mpaka libadilishwe.

"Haa! Nilijua. Mnapita nyumba za wazee mnaua matanuru mazima ili muuze mapya. Huo mchezo naujua kabla hujaota ndevu. Na huyu amekuita kwa sababu ya tundu lake! Kwa sababu ya vidole vyake vya miguu!" Wendell alikuwa ameshachukua spana kubwa kutoka ukutani. "Toa kufuli."

"Mzee, weka hiyo chini," Corinne alisema.

"Wewe nyamaza. Tangu uingie nyumba hii ni kulalama tu. Dale angeoa hata—"

"Angeoa nani? Maliza!"

"Yeyote!"

Prebich akamnyooshea Wendell tochi na kioo kidogo chenye mkono mrefu. "Umenitukana miaka ishirini na moja," alisema. "Tazama kwanza, halafu utanitukana vizuri zaidi."

Mzee hakutaka. Lakini fundi akipewa tochi hawezi kuacha kutazama. Alipiga magoti, akaingiza kioo, akamulika. Alikaa pale muda mrefu. Spana ilikuwa bado mkononi, kisha ikawa sakafuni, na Corinne hakuona ilivyofika.

"Umefunga matundu mangapi?" Prebich aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tisa."

"Feni inasukuma hewa isiyo na pa kwenda. Sanduku halipozwi. Linaiva, linapanuka, linasinyaa, kila siku, mpaka chuma kimechoka na kupasuka. Ile swichi ilikuwa inazima moto kwa sababu ilikuwa inakulilia, Wendell. Ukaipitishia waya." Akaugusa waya mwekundu kwa kidole. "Ufa una kutu ya zamani. Misimu miwili, labda mitatu. Feni inaupuliza moto kupitia ufa, moto hauungui sawasawa, unatoa ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na sumu inaingia kwenye hewa yenu. Halafu inakwenda kwenye matundu yaliyo wazi."

"Jikoni," alisema Wendell.

"Na kwa Ardis," alisema Corinne. "Joto lote kwa Ardis. Si ulisema mwenyewe?"

Alilisema kwa raha. Sitamfichia. Miezi mitatu ya soksi nne nne alikuwa ameitunza kwa ajili ya siku kama hiyo, na alipomwona mzee ameinamisha kichwa kwenye bati la kijani, alihisi joto ambalo nyumba ile haikuwahi kumpa.

Mchana ule ule, hospitalini, walimpima Ardis damu, wakamvisha kinyago cha hewa safi papo hapo, na daktari kijana akauliza mara mbili kama kweli mama huyu alikuwa amepangiwa kupelekwa nyumba ya wazee. Corinne ndiye aliyejibu maswali yote. Wendell alisimama ukutani na kofia yake ya masikio mkononi, na kila nesi aliyepita alimwomba asogee.

Jumanne Ardis alilala. Jumatano aliamka, akauliza ni mwezi gani, akaambiwa, akatazama theluji dirishani karibu saa nzima. Kisha akaomba miwani. Yako mambo ambayo hayakurudi: hakukumbuka Krismasi, na vidole vyake vilipojaribu kinanda juu ya blanketi vilikwama katikati ya wimbo. Lakini macho yalikuwa yake. Corinne aliporudi nyumbani jioni hiyo, kwenye hita ndogo za umeme zilizoazimwa kanisani, alimpigia Dale simu kwenye kituo cha malori na kumwambia, "Nimemwokoa mama yako." Aliirudia sentensi hiyo kwa jirani, kwa mchungaji na kwa mwenye duka.

Alhamisi asubuhi walimkuta Ardis amevaa, amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, anajaza fumbo la maneno la gazeti kwa wino. Wendell alikuwa amevaa suti ya mazishi, ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Alibaki amesimama.

"Tumefunga tanuru jipya," alisema. "Mimi na Prebich. Nimefungua matundu yote kumi na moja, hata la stoo. Lile sanduku la kufuli nimelitupa. Sabini na mbili, Ardis. Usiku na mchana. Twende nyumbani."

Ardis aliandika neno lake mpaka mwisho.

"Ni neno gani la herufi sita, mtu asiyesikia?" aliuliza.

"Ardis—"

"Nimeshalipata. Nilikuambia lini kwa mara ya kwanza kwamba kichwa kinaniuma tanuru likivuma?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Novemba, mwaka juzi, siku tuliyopika chapati za viazi. Ukasema tanuru lako halina kasoro, kichwa changu ndicho kina kasoro. Nikakuambia tena Desemba. Nikakuambia kila wiki, Wendell, mpaka nikasahau nilikuwa nakuambia nini."

"Nilidhani... nilitaka upate joto. Nilikupa lote."

"Ulinipa lote. Nikitoka chumbani ulinirudisha kwa mkono, ukanifunika blanketi, ukasema kaa hapa kwenye joto, mpenzi. Nilikuwa nakwenda kulia bafuni kwa sababu nilijua naipoteza akili yangu. Ulinifanya nisadiki. Ule ufa nakusamehe, chuma kinapasuka. Lakini misimu miwili ya baridi mtu anakuambia panapomuuma, na wewe fundi, hukushuka hata ngazi kumi na mbili kwenda kutazama."

Corinne aliona wakati wake umefika. Akasogea, akamshika Ardis bega.

"Usijali, mama. Mimi nilishuka. Mimi ndiye niliyegundua."

Ardis alilitazama bega lake na mkono uliolishika mpaka mkono ukaondoka wenyewe.

"Ulishuka Jumatatu hii," alisema. "Nashukuru. Jumatatu ya kabla yake uliweka sahihi. Nilikuwa nimekaa pale pale mezani, Corinne. Nilikuwa nimepumbaa, sikuwa nimekufa. Ulisaini, ukainuka, ukasimama kwenye mlango wa chumba changu, ukahesabu hatua kutoka dirishani mpaka ukutani. Ukauliza kama kitanda chenu kitaenea."

Nesi aliyekuwa anabadilisha shuka za kitanda cha pili alichukua shuka zake akatoka. Corinne alihisi uso unamuwaka. Alitaka kusema kwamba haikuwa hivyo, lakini ilikuwa hivyo hasa. Hatua zilikuwa nne na nusu, na hata sasa alizikumbuka.

"Leo ni Alhamisi," alisema Ardis. "Nimeandikiwa saa nane. Nileteeni koti."

"Lakini wewe mzima!" Wendell alipaza sauti. "Daktari amesema! Hufai kukaa kule, kule ni kwa watu ambao..."

"Mimi mzima, kwa hiyo safari hii nitasaini mwenyewe. Kule kuna kengele kando ya kitanda. Mtu akisema kichwa kinamuuma, anakuja mwingine na kumuuliza, tangu lini? Nimewapigia simu asubuhi, nimeuliza. Wana kinanda pia."

"Kwa muda gani?"

"Nitakuambia nikijua."

Wendell alimshikia koti. Ardis alilichukua mkononi mwake, akalivaa peke yake, akafunga vifungo sita polepole, kila kimoja kwenye tundu lake. Hakuna aliyesaidiwa wala aliyesaidia. Kwenye maegesho Corinne alikaa kwenye usukani, Wendell kando yake, na Ardis nyuma, na mkoba wake magotini. Vioo vilikuwa vimeganda. Mzee alinyoosha mkono akaiwasha hita ya gari mpaka mwisho, akayaelekeza matundu yake nyuma.

"Izime," alisema Ardis.

"Utaganda, mpenzi. Ni maili kumi na moja."

"Izime, Wendell. Joto lako nimelipata la kutosha."

Akaizima. Corinne akakwangua kioo kwa kucha apate pa kuonea njia, akaondoa gari. Walikwenda hivyo hivyo mpaka mwisho, pumzi zao zikiganda kwenye vioo kwa ndani, na mikono yote miwili ya mzee ikiwa imekaa juu ya magoti yake.